Alivyoacha Kuuma

Mtoto alipomuuma mama yake kwa mara ya kwanza, mama huyo hakupiga kelele, na kusema kweli hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mama mwingine angepiga ukelele majirani wakatoka na ndoo wakidhani ni moto. Yeye alifumba midomo, akaingiza kidole chake kidogo pembeni mwa kinywa cha mtoto, akalitoa ziwa taratibu, akalitazama. Alama mbili nyekundu zilikaa chini ya chuchu, zimelingana vizuri. Meno yenyewe yalikuwa na siku kumi tu tangu yachomoze. Mtoto, miezi minane kamili, alikuwa amemkodolea mama yake macho, kimya, kama anayengoja kitu.

Kazini mama huyo walimwita Sahani. Alikaa dirisha la malalamiko kwenye ofisi ya maji, nyuma ya kioo chenye tundu la kusemea na mwanya wa kupitishia karatasi, na kuanzia saa mbili asubuhi watu walipanga foleni kuja kumfokea. Maji hayajatoka wiki ya tatu. Maji yametoka lakini yana rangi ya chai. Mita inazunguka na nyumba haina mtu. Mkuu wa kitengo aliwafundisha wote siku ya kwanza: mteja akikufokea, uso wako uwe sahani iliyooshwa, hakuna kitu juu yake. Ukikunja uso, umempa pa kushika. Ukicheka, umemdharau. Ukilia, ndiyo basi tena. Unamtazama juu kidogo ya nyusi, unamsubiri aishiwe pumzi, unamwambia "Nimekuelewa," unamsogezea fomu.

Wengine walishindwa ndani ya miezi mitatu wakaomba kuhamishwa. Yeye alikuwa na mwaka wa sita. Kuna mzee mmoja aliwahi kuja na chupa ya maji machafu kutoka bombani kwake, akayamimina yote kupitia ule mwanya, yakalowesha mafaili mpaka kwenye mapaja ya sketi yake. Sahani alisema "Nimekuelewa," akatoa kitambaa, akapangusa meza, akasogeza fomu. Kisa hicho kilisimuliwa kwa kila mfanyakazi mpya. Alijivunia jina lake, na nani angemlaumu. Tatizo ni kwamba jioni alivua sare akaitundika nyuma ya mlango, lakini ule uso alisahau kuuvua.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama mkwe alikuja kumlea mtoto. Huyu mama alikuwa amepika kwenye shule ya bweni miaka ishirini na kitu. Sauti yake ilizoea kuvuka ukumbi wa watoto mia tatu, na mikono yake ilijua mtoto anashikwaje bila hata ya kufikiri. Mjukuu wake huyo yeye alikuwa akimwita "mume wangu." Mkamwana, basi, akawa "mke mwenzangu." Sahani akiingia tu saa kumi na moja na nusu, anasikia kutoka sebuleni: mume wangu, jikaze, mke mwenzangu karudi, sasa ni zamu yake. Baba mtoto alicheka kila siku kana kwamba ni utani mpya.

Utani wa bibi na mjukuu ni wa tangu na tangu, hakuna anayeukasirikia. Sahani mwenyewe alijua. Lakini mtu ukiwa umetoka nyumbani alfajiri, umetukanwa siku nzima, unarudi unanyoosha mikono, halafu mtoto uliyemzaa anauficha uso kwenye shingo ya mwanamke mwingine, utani huo unakukwama kooni. Alimwonea wivu mama mkwe wake, na aliona aibu kwa wivu huo, na aibu haikuupunguza hata kidogo.

Alibakiwa na kitu kimoja, ziwa. Bibi alimwogesha, alimbeba, alimlisha uji, alimlaza mchana. Ziwa hakuwa nalo. Jioni mtoto akishasikia harufu ya maziwa, alikuwa anaiacha ile shingo na kuinama kwa mama yake, na kwa dakika ishirini dunia ilikaa sawasawa.

Kisha likaja lile suala la kuondoka. Mama mkwe alikuwa na nyumba yake, safari ya siku nzima kwa basi, na mwisho wa mwezi alitaka kurudi. Siku moja mezani akasema mtoto akishaacha ziwa atamchukua akae naye miaka miwili, mitatu, ili wao wapate kupumua. Baba mtoto, fundi wa lifti, mtu aliyeshinda ndani ya mashimo ya maghorofa na kurudi nyumbani amechoka hata kusema, aliona ni jambo la heri kabisa. Sahani alijibu kwamba bado ananyonyesha. Mama mkwe hakubisha. Alisema wazi, mbele ya mwanawe: mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama yake, huo ndio msimamo wangu, na mimi sibadiliki. Wakakubaliana kwamba akiendelea kunyonya, atabaki, na mchana atapelekwa kwa mama mmoja wa mtaa wa pili anayelea watoto. Kwa hiyo mnaona wenyewe lilivyokuwa jambo zito, mtoto huyo kuanza kuuma.

Jumamosi alimpeleka kliniki. Nesi alikuwa mtu mzima, amechoka, lakini alieleza vizuri. Usipige kelele akikuuma, alisema, atashtuka agome kabisa. Mtazame usoni anaponyonya, zungumza naye, umsome. Taya likitulia na kumeza kukipungua, ujue ameshiba anaanza kuchezea, mtoe kabla. Akikuuma, mwambie hapana kwa sauti ya kawaida, umweke chini kidogo, halafu umpe tena.

Sahani alisikia lile la kwanza moyo ukatulia. Usipige kelele! Hilo alikuwa nalo miaka sita, angeweza kulifundisha. Yaliyobaki aliyaitikia kwa kichwa, hayakuingia. Watu wengi tuko hivyo. Tukipewa mashauri manne tunaondoka na lile tunaloliweza tayari.

Basi ikawa kila jioni anakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo ukutani, mtoto mapajani, anatazama juu kidogo ya nyusi za mtoto, kwenye kalenda ya mwaka jana iliyokuwa ukutani, na uso ameuosha. Mtoto ananyonya. Kisha anauma. Mama kimya. Mtoto anaachia, anainua macho, anasubiri. Hapati kitu. Anakunja kipaji kidogo, anarudi, anauma tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na anainua macho tena. Alikuwa anauma kama mtu anayegonga mlango ambao anajua ndani kuna mtu.

Wiki ya tatu chuchu ya kushoto ilipasuka. Alipaka mafuta aliyopewa kliniki, akaweka kitambaa laini ndani ya sidiria, na bado kila alipoinuka kuchukua fomu alisikia moto. Alijifunza kuuma ukosi wa blauzi yake mtoto anapomuuma. Na akikaribia geti la nyumbani jioni, alipunguza mwendo. Alianza kumwogopa mwanawe. Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe, ambaye siku alipoonyeshwa kidonda alisema pole, kisha akasema, "Ataacha mwenyewe, ni meno tu."

Jumatano moja, siku nne kabla ya mama mkwe kuondoka, mtandao ulikatika ofisini na dirisha likafungwa saa sita. Sahani akarudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Kabla hajausukuma alisikia mtoto anacheka, kicheko cha tumboni, cha kukata pumzi, na alisimama pale kwa sababu kicheko hicho hakukijua.

Mama mkwe alikuwa amelala chali mkekani, mtoto juu ya kifua chake. Mtoto akainamisha kichwa akamuuma kidevu. "Nimekufa mimi!" akalia bibi. "Mume wangu ameniua!" Akatupa mikono, akatoa ulimi nje, akafumba macho. Mtoto akamtazama, anatetemeka kwa hamu. Bibi akafumbua jicho moja. Mtoto akacheka mpaka kwikwi, kisha akainama akauma tena, na bibi akafa tena. Alikufa mara tano Sahani amesimama mlangoni.

Na hapo alielewa kila kitu. Jioni zote zile, mtoto alikuwa anamletea mchezo wake. Alikuwa anamuuma, anainua macho, anangoja mama afe ili acheke. Hasira iliyompanda Sahani ilikuwa na joto kuliko maneno yote aliyowahi kurushiwa dirishani, na hakujua imwendee nani.

Ilimwendea mama mkwe. Mtoto alipolala alimfuata jikoni, akamwambia kwa sauti ileile ya kazini, "Mama, kumbe wewe ndiye unayemfundisha kuuma."

Mama mkwe alikuwa anaosha kikombe cha mtoto. "Mimi namfundisha kucheka, mwanangu. Kuuma kaja nako mwenyewe, kila mtoto anauma." Akakikung'uta kikombe, akakiweka. "Wewe anakuuma sana kwa sababu hakuoni. Anabisha hodi na hakuna anayeitika."

"Nesi ndiye aliyesema nisionyeshe kitu."

"Nesi alikwambia usionyeshe maumivu. Hakukwambia uhame." Kisha yule mama mcheshi, asiyejua kusema kwa sauti ndogo, akasema kwa sauti ndogo. "Siku ile nilipopata habari ya msiba wa dada yangu, nilikuja kukwambia hapa hapa jikoni, nalia. Unakumbuka ulinijibu nini? Uliniambia, 'Nimekuelewa.'"

Sahani alitaka kusema siyo kweli. Lakini alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba baada ya kusema hivyo mkono wake ulitafuta kitu cha kusogeza juu ya meza.

Mchana ule alijifungia bafuni, akasimama mbele ya kioo, akajaribu. "Nimekufa mimi," aliuambia uso wake. Midomo ilisema, mashavu hayakuhusika. Akarudia, akatoa ulimi, akajiona mjinga, akarudia tena. Alipiga moyo konde. Jioni hiyo hatatazama kalenda. Atamtazama mwanawe machoni, na akiumwa atakufa vizuri mtoto acheke, acheke naye yeye.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto akanyonya. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama kweli, akaona kope zilivyorefuka, akaona kovu dogo la kucha kwenye shavu ambalo hakujua limetoka wapi. Taya likatulia. Hakulijali. Mtoto akauma, palepale penye kidonda.

Alifungua mdomo ili afe kwa mchezo. Kilichotoka siyo mchezo. Ulitoka ukelele ambao hata yeye hakuutambua, wa wiki zote zile na wa miaka sita nyuma yake, wa yule mzee wa chupa na foleni nzima ya watu wenye ndoo tupu. Uso wote uliopangwa ulipasuka kwa mara moja, nao ulipasuka juu ya mtoto wa miezi minane aliyekuwa amefunua kinywa tayari kucheka. Mdomo wa mtoto ulitetemeka. Kisha akalia kwa hofu, mwili mzima umekakamaa, na bibi alipoingia mbio alimrukia shingoni na kujificha humo.

Baada ya hapo hakutaka kunyonya. Alhamisi jioni alipowekwa mapajani alijikunja nyuma kama upinde, akamsukuma mama yake kwa mikono miwili. Ijumaa alilia kwa kusikia tu vifungo vya blauzi vikifunguliwa. Matiti yalijaa yakawa mawe. Sahani alikamulia maziwa kwenye stoo ya ofisi, katikati ya mita mbovu zilizorundikwa mpaka darini, akayaleta nyumbani ndani ya chupa safi, na mtoto aliyanywa yote kwa kikombe, kutoka mkononi mwa bibi. Maziwa hakuyakataa. Alimkataa mwenye maziwa.

Alimpigia nesi simu. Nesi akasema ni mgomo, hutokea, wengine hurudi baada ya siku mbili, wengine wiki. Mjaribu akiwa na usingizi, usimlazimishe, na usikate tamaa. Sahani hakuwa na wiki. Ijumaa hiyohiyo mumewe alirudi na begi jipya dogo, la rangi ya samawati, akaliweka juu ya kochi bila kumtazama mkewe.

"Si ameacha mwenyewe?" alisema. "Hakuna aliyemlazimisha. Tulikubaliana, mke wangu."

Ni haki ya mama mkwe isemwe kwamba hakushangilia. Mara mbili alimbeba mtoto mwenyewe mpaka kitandani kwa Sahani, akamlaza, akatoka akafunga mlango, na mara zote mbili alilazimika kurudi kumchukua kwa vilio. Jumamosi alipiga pasi nguo za mjukuu, akazikunja, akazipanga kwenye begi la samawati. Yeye hakutaniana na mtu siku hiyo.

Jumapili gari la kuwapeleka kituo cha mabasi lilikuwa lije saa tatu. Mtoto alikuwa ameamka mapema mno, na saa mbili na nusu, ameshaogeshwa na kuvishwa, macho yalimlegea. Sahani aliomba amlaze yeye. Mumewe akatazama saa. Mama mkwe akamkabidhi mtoto.

Alilala naye ubavu kwa ubavu, mlango umefungwa. Hakumlazimisha. Alifungua vifungo akiwa ameshamlaza, akasogea, akangoja. Mtoto alikuwa kati ya usingizi na macho. Pua ilichezacheza. Midomo ikatafuta, ikapata, ikashika. Maziwa yaliyokaa usiku kucha yakashuka kwa nguvu mpaka mtoto akapaliwa kidogo, akameza, akaendelea. Sahani alilia kimyakimya na hakuthubutu hata kuvuta kamasi.

Nje gari lilipiga honi. Mtoto akashtuka, nusu ameamka, na kabla hajajua yuko wapi akauma. Safari hii kulikuwa na jino la juu pia, jipya, lililotoka wiki ile ile, na meno yalikutana ndani ya kidonda.

Sahani alijua vizuri sana. Akilia, mtoto anakwenda. Akishtuka tu, mtoto anakwenda. Akauita uso wake wa miaka sita, nao ukaja mara moja, mtiifu, umeoshwa, hauna kitu juu yake. Mtoto akaachia, akainua macho, akamtazama mama yake. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye ziwa akaendelea kunyonya, taratibu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alisimama pale, begi la samawati mkononi, akaona. Aliona mtoto ananyonya, akaona na tone jekundu lililokuwa linatiririka kuelekea shuka.

"Anakuuma," alisema.

"Hapana, mama."

"Damu ile pale, mwanangu."

"Hajaniuma. Ananyonya."

Mama mkwe alisimama pale mpaka honi ikapigwa tena. Alikuwa ameshasema hatabadilika, na hakubadilika. Alifungua begi, akatoa nguo moja moja alizozipiga pasi, akazipanga kwenye ukingo wa kitanda, soksi juu ya soksi, na mikono yake iliyoinua masufuria ya watoto mia tatu ilichelewa kukiachia kila kinguo. Sahani alimwona anavyoumia, na roho yake ilishangilia. Alishinda, na alifurahi kwa kushinda, na hakujali. Mama mkwe akainama juu ya mtoto, akaanza kusema "Mume wangu," ikaishia hapo. Akatoka. Mlango wa gari ukafungwa.

Siku ile mtoto alimtafuta bibi yake. Alitambaa mpaka mkekani, akaupiga kwa kiganja. Alitambaa mpaka jikoni. Jioni alilia mpaka sauti ikakauka, na baba yake alimbeba akimzungusha chumba hiki na kile mpaka miguu ikamwisha. Jumatatu alianza kwenda kwa yule mama wa mtaa wa pili, ambaye alisema hajapata kuona mtoto mtulivu namna ile.

Na hakuuma tena. Si jioni ile, si wiki ile, si mwezi uliofuata, ingawa meno yalifika sita. Kidonda kilipona. Sahani aliitoa ile kalenda ukutani. Anamtazama machoni sasa, anazungumza naye, anamsogezea kidevu chake amuume. Amejifunza hata kufa: anatupa mikono, anatoa ulimi, anafumbua jicho moja, na mashavu siku hizi yanahusika. Mtoto anamtazama kwa adabu, kisha anageuza kichwa.

Mumewe amefurahi, anasema si nilikwambia ataacha mwenyewe. Kazini, dada mmoja wa dirisha la pili, mwenye mtoto wa miezi sita aliyeanza kuota meno, alimuuliza alifanyaje. Sahani alimwambia alivumilia tu. Jioni mtoto ananyonya mpaka anashiba, pole pole, bila jino hata moja kumgusa mama yake, na muda wote ule macho yake yako mlangoni.